Watu 30 wa Houston

Mwezi uliopita dada mmoja msomaji wetu wa Leicester aliniandikia hivi: "Baba mkubwa amekutwa na saratani ya utumbo mwembamba, imeshafika kwenye ini. Daktari anataka kumpa dawa mbili kwa pamoja. Nimesoma kwamba zilijaribiwa kwa watu 30 tu. Je, anafanywa panya wa maabara? Tafadhali usinipigie simu, maana yeye tumemwambia ana vidonda vya tumbo."

Nimefanya kazi ya unesi kwenye wodi ya saratani hapa Uingereza miaka mingi. Hilo swali la panya nimelisikia kwa lugha zaidi ya moja, na si swali la kijinga.

Utumbo mwembamba una urefu wa mita 6 hivi, lakini saratani huupata mara chache mno: ukikusanya saratani zote za njia ya chakula, ya hapo ni kama 3 katika 100. Tena hujificha. Kamera ya kawaida inayopitishwa mdomoni, na ile ya njia ya haja kubwa, zote haziufikii vizuri utumbo wa katikati. Mgonjwa hulalamika tumbo na kupungukiwa damu, na wengi hugunduliwa ugonjwa umeshasambaa. Wagonjwa wakiwa wachache hivyo, watu elfu moja wa kujaribia dawa utawatoa wapi?

Jaribio alilolisoma dada lilifanyika MD Anderson, hospitali ya saratani iliyopo Houston, Marekani, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009. Oksaliplatini iliingizwa kwa dripu siku ya kwanza, kisha vidonge vya kapesitabini asubuhi na jioni kwa siku 14, halafu wiki moja ya kupumzika. Kila baada ya siku 21 wakaanza upya. Nusu ya wagonjwa uvimbe wao ulipungua vya kutosha kuhesabiwa, na 3 kati yao haukuonekana tena kwenye picha. Kabla ya hapo, jaribio jingine la Marekani lilitumia dawa tatu za zamani, na uvimbe ulipungua kwa wagonjwa kama 18 tu katika 100. Si haki kuyalinganisha moja kwa moja, kwa kuwa wagonjwa hawakuwa walewale. Lakini madaktari walipata pa kushika.

Dawa zenyewe hazikuwa ngeni. Zilishatumiwa kwa maelfu ya wagonjwa wa utumbo mpana, kwa hiyo madhara yake yalijulikana. Baba mkubwa hajaingizwa kwenye jaribio lolote. Anapewa matibabu ya kawaida ya leo, ambayo yapo kwa sababu wale 30 walikubali.

Sasa lile ambalo nisingependa kuliandika. Dada ameshika namba ya miezi 20, yaani nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya hapo na nusu pungufu. Lakini wale 30 walichanganyika. Kwa 12 saratani haikuwa kwenye utumbo wenyewe, ilikuwa pale mrija wa nyongo unapoingilia, na wengine ugonjwa ulikuwa haujafika mbali. Kwa wale 25 ambao ulishasambaa, kama baba mkubwa, namba ilikuwa miezi 15 na nusu. Haimwambii mtu siku yake, lakini ndiyo ya kupangia mambo.

Ndiyo maana vidonda vya tumbo vinanikera. Atatiaje sahihi fomu ya kukubali dawa za saratani mtu anayedhani ana vidonda? Najua mnamhurumia. Nyumbani kwetu nasi tulimficha bibi, na alikuwa anajua muda wote. Lakini baada ya dripu ya kwanza akishika mlango wa friji vidole vitamchoma kama vimeguswa na umeme, na maji baridi yatamkaba koo. Hiyo ni oksaliplatini na baridi. Asiyeambiwa atadhani anakufa, na ataacha dawa. Akipata homa lazima apige simu hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Nani atapiga, ikiwa yeye hajui kwa nini homa ni hatari?

Nilimwandikia dada mambo mawili. Aombe mkalimani wa hospitali; hulipi kitu, na mtoto wa miaka 16 asibebeshwe maneno hayo. Tena aulize kama kipimo cha damu cha kapesitabini kimefanyika, kwa sababu kuna watu ambao miili yao haiwezi kuivunja, na dozi ya kawaida huweza kuwaua. Ule unga wa mizizi alioletewa na shangazi kutoka Tanga, amwonyeshe mfamasia.

Juzi amenijibu. Mkalimani alikuja, mzee akaambiwa yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ile wiki ya kupumzika inatosha kwenda Tanga na kurudi, kuna shamba anataka kuligawa mwenyewe. Daktari amesema wasubiri picha ya kwanza, baada ya duru chache, ndipo wapange tarehe.