Daftari la wakala linatuanika



Redioni na kwenye simu tunaimbiwa wimbo mmoja kila siku: usimpe mtu namba yako ya siri. Sawa. Mbona hatuambiwi matapeli wanatoa wapi majina yetu?

Mwezi uliopita nilikuwa dukani kwangu Kisenyi napima mchele, simu ikaita. Kijana akanitajia majina yangu yote matatu, hata lile la babu ambalo liko kwenye kitambulisho tu. Akasema jana jioni nilitoa shilingi 200,000 kwa wakala wa pesa za simu. Kweli nilitoa. Akadai muamala umenasa na utanikata mara ya pili, hivyo niweke namba ya siri kwenye ujumbe utakaotokea ili afute muamala huo. Ujumbe ukatokea, nikaweka. Shilingi 850,000 zikaondoka, mtaji wa magunia mawili. Sikatai, kidole kilikuwa changu.

Nilirudi kwa yule wakala. Mezani ana daftari lililokunjika pembe, kalamu imefungwa kwa uzi. Unaandika jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, kisha unatia sahihi. Nikisubiri zamu yangu nilisoma mistari ya watu sita walionitangulia bila hata kuinama. Aliyekuwa nyuma yangu bila shaka alinisoma mimi. Siwezi kuapa kwamba nilivujia hapo, wala simlaumu wakala, kaambiwa aandikishe. Lakini picha moja tu ya ukurasa ule inamtosha mwizi wiki nzima.

Kampuni ya simu niliipigia dakika tatu baada ya kuibiwa. Nikasikilizishwa muziki dakika 40, kisha nikaambiwa nilete barua ya polisi ndipo waizuie laini ya mwizi. Barua niliipata kesho yake, pesa zilishatolewa. Na laini hiyo ina mwenyewe! Mwaka 2017 si tulipanga foleni na vitambulisho vya taifa ili laini zetu zisifungwe?

Wakubwa wakiguswa mambo huwa mengine. Oktoba 2020, wadukuzi walipoingia katika mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni inayounganisha benki na pesa za simu, huduma za kuhamisha pesa kutoka benki kwenda simu za MTN na Airtel zilisimamishwa. Kumbe kusimamisha kunawezekana, bila barua ya polisi.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tunayo tangu 2019, na ofisi ya kuisimamia ipo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Maofisa wake wapite Kisenyi, Kikuubo na Owino, wafunue daftari lolote watakalolikuta mezani. Benki Kuu nayo izilazimishe kampuni kuzuia pesa inayolalamikiwa pale pale, barua ifuate baadaye.

Mimi siku hizi naandika namba ya kitambulisho nikikosea tarakimu moja makusudi. Hadi leo hakuna wakala aliyegundua.

Muuza mchele,
Kisenyi, Kampala