Kambale Aliyebadilika Rangi

Mama mwenzangu, umenunua kambale hai, mweusi tii, ametoka kwenye tope la Mto Pangani. Ukamtia katika beseni jeupe uani, ukingojea wageni wa Jumapili. Kesho yake amepauka, ana mabaka ya kijivu kama kanga iliyosahauliwa juani. Jirani anasema katiwa dawa. Mwingine anasema umebadilishiwa. Samaki mzima anatupwa, na watoto wanakula mchicha mtupu.

Usimtupe. Kambale hana magamba, na ngozi yake ina chembe ndogo mno zenye rangi nyeusi. Penye giza na tope rangi hiyo hutawanyika, naye akawa mweusi. Penye mwanga na chombo cheupe hujikusanya, akapauka. Mabaka huja pia akisumbuliwa, kwa mfano akibanwa na wenzake. Mhamishie kwenye ndoo nyeusi yenye maji safi, mfunike, weusi utarudi. Wa kuogopwa ni mwenye vidonda, utando kama pamba, au harufu mbaya.

Rangi huwasumbua hata wataalamu. Anayetaka kumtangaza samaki mpya haitegemei peke yake, maana samaki akifa hubadilika, na akiwekwa kwenye dawa ya kuhifadhia hupauka kabisa. Basi huhesabu miiba ya mapezi, hupima kichwa, hutazama meno. Ndivyo alivyofanya Rosemary Lowe, Mwingereza aliyeanza kazi mwaka 1948 katika kituo cha utafiti wa samaki cha Jinja, Uganda. Mwaka 1955 alitangaza perege wapya wa Ziwa Jipe na Mto Pangani, na mmoja akampa jina la Korogwe yetu. Ni jamii ile ya perege ambao mama hulea mayai na vifaranga mdomoni (na sisi tunalalamika kubeba mgongoni!).

Ila makala hayo yalipotoka, kazi ya Jinja hakuwa nayo tena. Aliolewa mwisho wa 1953, na kanuni za utumishi wa kikoloni zilimtaka mwanamke akiolewa aache kazi. Mumewe, mtaalamu wa miamba, aliendelea na yake. Bibi huyo hakuwaacha samaki. Aliwachunguza Guyana, kisha Uingereza, hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2014.

Na kambale wako wa Jumapili, msugue kwa chumvi na ndimu mpaka utelezi uishe, ndipo umtie kwenye tui.