Mizani ya Kuchagulia Madaktari

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yatokapo, wazazi katika ofisi zetu za Handeni na Korogwe hushika kalamu na kuhesabu: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Tume ya Vyuo Vikuu yataka pointi 6 katika Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa aombaye udaktari. Lakini hizo 6 ni kizingiti tu. Nafasi ni chache, na wenye pointi nyingi hutangulia.

Hatusemi mlango ulegezwe, maana mgonjwa hatibiwi kwa huruma. Twasema ya kuwa C ya Kemia ya mtoto aliyeviona vyombo vya maabara katika mchoro ubaoni si sawa na C ya yule aliyevishika mkononi miaka yote. Mizani yaona herufi, haioni njia.

Tena Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2010, na mara ya pili 2021, kwamba vyuo viwapokee kwa makusudi vijana wa shamba, kwa kuwa hao huelekea zaidi kurudi kuhudumu shamba. Kabuku na Mkata zamngoja nani mwingine?

Iko njia nyingine, nayo haitajwi sana mbele ya wazazi: tabibu mwenye stashahada na wastani wa 3.0 aweza kuomba, akiwa na ufaulu utakiwao wa Kidato cha Nne. Huyu amekwisha kukesha wodini. Twaomba miaka yake ya kazi ipimwe pamoja na herufi zake, na Halmashauri zimpe ruhusa ya masomo pasipo kumzungusha.