GHALA LIKO JIRANI, BANDO LATEKETEA BURE!

HAYA wapenzi wasomaji, wiki hii tuwapumzishe kidogo wenye nyumba ndogo, tuongee kompyuta. Usifunue ukurasa kwanza, kuna hela yako humu!

Chukua shule au ofisi yenye kompyuta 20 zinazotumia Debian au Ubuntu, wale ndugu wa Linux. Marekebisho ya usalama yametoka, tuseme megabaiti 300. Basi kila mashine, bila hata aibu, inakwenda ng'ambo kuchota mzigo ule ule! Mara 20, hizo ni megabaiti 6,000. Bando kwisha, mhasibu kanuna, na dawa ya wengi ni kuzima marekebisho kabisa. Hapo ndipo wadukuzi wanapopiga hodi.

Wajanja hawafanyi hivyo. Mashine moja inageuzwa ghala kwa programu iitwayo squid-deb-proxy. Mzigo ukishachotwa mara moja unabaki pale, na zile 19 nyingine zinachukua humo humo ndani.

Sasa nani azunguke kuziambia zote ghala liko wapi? Hakuna haja! Hizo nyingine unaziwekea squid-deb-proxy-client, na kazi ya kutafuta anaachiwa mpambe aitwaye Avahi. Yeye anapiga ukelele kwenye mtandao wa ndani, anwani 224.0.0.251, mlango 5353: "Jamani, nani ana ghala hapa?" Mwenye nalo anaitika. Asipoitika mtu, mashine inakwenda zake ng'ambo kama kawaida. Na ukelele huo hauvuki uzio. Mtindo wenyewe si mgeni: Apple waliuingiza kwenye Mac OS X mwaka 2002, na mwaka 2013 ukaandikwa rasmi kwa jina la RFC 6762.

Nawasikia wenye roho ya wasiwasi: "Je, akiitika tapeli?" Swali zuri, maana Avahi hamuulizi mtu kitambulisho. Atakayeitika ndiye huyo huyo!

Kinga iko kwenye lakiri. Debian na Ubuntu wanatia saini orodha ya mizigo yao, na ndani ya orodha kila mzigo una alama yake kama ya kidole gumba. Tapeli akichezea kitu, alama hazilingani, na apt, yule mpokea mizigo wa kila mashine, anagoma. Tapeli ataweza kukuchelewesha, hata kuchungulia unachopakua, lakini kukulisha sumu hawezi.

Isipokuwa umfungulie mlango mwenyewe! Maana wapo mafundi wa haraka haraka: apt akilalamika kuhusu saini, wao wanaandika amri ya kumlazimisha, "twende tu, bosi anasubiri!" Hapo bwana, lakiri umeivunja kwa mkono wako, usimlaumu mtu.

Kwa hiyo weka ghala, bando lipumue. Mzigo uchukue kwa jirani yeyote, ila saini ikikataa, nawe kataa.

Tukutane wiki ijayo, nyumba ndogo zitakuwa zimerudi!