NENO LA BWANA SHAMBA: Sola Ndogo ya Kubeba Dunguni

 

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya mbegu ya mpunga. Tulisema kwamba mbegu si chakula. Hata njaa ikibisha hodi, mbegu haiguswi. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya akiba nyingine. Akiba hiyo ni chaji ya simu yako unapokuwa dunguni.

Sisi wa bonde la Kilombero tunayajua maisha ya dungu. Mpunga ukianza kutoa masuke, tunahama. Tunaacha nyumba zetu kijijini. Tunakaa mashambani wiki nyingi, tukilinda mpunga usiliwe na ndege, nguruwe na viboko. Huko hakuna umeme. Hakuna kibanda cha kuchajia simu. Zahanati iko mbali. Kwa sababu hiyo, siku hizi watu wengi hubeba sola ndogo pamoja na sufuria, jembe na chandarua.

Sola hiyo ni kitu kizuri. Lakini kuwa nayo ni jambo moja, na kujua kuitumia ni jambo jingine. Nisikilize, nikueleze jinsi nilivyojifunza.

KOSA LANGU

Mwaka 2022 niliwashauri wakulima wa kitongoji kimoja wanunue sola ndogo kabla ya kwenda mashambani. Wengi walinunua. Mimi nilifurahi, nikaona kazi imekwisha.

Usiku mmoja wa mwezi wa Mei, mtoto wa mkulima mmoja alishikwa na homa kali dunguni. Baba yake alichukua simu ili amwite kijana wa bodaboda. Simu haikuwaka. Chaji ilikuwa imekwisha. Yule baba alimbeba mtoto mgongoni, akatembea usiku katika maji na matope kwa muda wa saa tatu. Alifika zahanati alfajiri. Mtoto alipimwa, akakutwa na malaria. Alitibiwa, na leo ni mzima. Tunamshukuru Mungu. Lakini saa tatu ni nyingi kwa mtoto mwenye homa kali.

Siku chache baadaye baba huyo alinijia. Akasema, "Bwana Shamba, ile sola uliyotuambia tununue ni mbovu. Inakaa nje mchana kutwa, na simu haijai."

Nilikwenda naye hadi dunguni. Nikaikuta sola imeegemezwa chini ya ukingo wa paa la nyasi. Aliiweka pale ili isiibiwe. Asubuhi ilipata jua kidogo. Kuanzia saa nne, kivuli cha nyasi kiliifunika nusu. Tena ilikuwa na vumbi na kinyesi cha ndege. Tuliitoa, tukaifuta, tukaielekeza juani. Simu ikaanza kujaa mara moja.

Sola haikuwa mbovu. Yule baba naye hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha kununua, sikumfundisha kutumia. Leo nataka kulisahihisha kosa hilo.

SOLA INAFANYAJE KAZI?

Paneli ya sola hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Si kitu cha jana. Wataalamu wa Marekani walionyesha paneli ya kwanza yenye manufaa mwaka 1954. Mwaka 1958 paneli za namna hiyo zilitumika angani, katika chombo kidogo kinachoizunguka dunia.

Nguvu ya paneli hupimwa kwa wati. Fikiria bomba la maji na debe. Paneli ni bomba. Betri ya simu ni debe. Bomba nene hujaza debe haraka. Bomba jembamba huchelewa. Paneli ya wati 10 ni bomba nene kuliko paneli ya wati 5.

Namba iliyoandikwa nyuma ya paneli ilipimwa kiwandani, chini ya mwanga mkali, na paneli ikiwa haina joto. Shambani mambo ni tofauti. Kuna joto, kuna vumbi, kuna mawingu. Paneli ya wati 10 ikikupa wati 6 au 7 juani, imefanya kazi yake vizuri. Usiilaumu.

Simu ya kitochi ina betri ndogo. Paneli ya wati 5 huweza kuijaza kwa saa 2 au 3 za jua kali. Simu kubwa ya kupangusa ina betri kubwa. Hiyo huhitaji paneli ya wati 10, na saa 4 au 5 za jua kali. Jua lenye nguvu kwetu ni la saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Kwa hiyo ukipoteza saa hizo, umeipoteza siku.

MAMBO SITA YA KUFANYA

Kwanza, kimbia kivuli. Kivuli kidogo huleta hasara kubwa. Vile vipande vyeusi vya paneli vimeunganishwa kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Mmoja akilala, ndoo zote zinasimama. Jani moja likifunika kipande kimoja, umeme unaweza kupungua sana. Weka paneli mbali na paa, mti na kamba ya nguo.

Pili, elekeza paneli kwenye jua. Chukua kijiti kifupi kilichonyooka. Kisimamishe wima juu ya paneli. Tazama kivuli chake. Kivuli kikiwa kirefu, paneli haijaelekea vizuri. Igeuze na kuiinua polepole mpaka kivuli kifupike, kisha kipotee. Hapo paneli inalitazama jua uso kwa uso. Fanya hivyo asubuhi, adhuhuri na alasiri, kwa maana jua halikai mahali pamoja. Miezi ya Juni na Julai, wakati wa kuvuna, jua la mchana kwetu huwa upande wa kaskazini. Usiilaze paneli chini tu.

Tatu, paneli iwe juani, simu iwe kivulini. Watu wengi huweka simu juu ya paneli au pembeni yake. Hilo ni kosa. Joto kali huharibu betri. Simu nyingine hukataa kabisa kujaa zikipata joto. Tumia waya mzima, wenye urefu wa kutosha kufika kivulini. Waya mwembamba na mrefu mno hupoteza umeme. Mita 1 au 2 zinatosha.

Nne, ifute paneli kila asubuhi. Tumia kitambaa laini chenye maji kidogo. Usitumie mchanga wala majivu. Vitu hivyo huikwaruza.

Tano, ilinde isipate maji. Paneli yenyewe huweza kuvumilia mvua. Lakini kile kisanduku cha nyuma, chenye tundu la waya, mara nyingi hakivumilii. Mvua ikianza, iingize ndani. Ikilowa, iache ikauke kabisa kabla ya kuchomeka waya. Unapohama, ifunge katika kanga au blanketi. Usiiweke chini ya gunia la mpunga.

Sita, ukiweza, uwe na betri ya akiba. Vijana huiita pawabenki. Mchana paneli ijaze pawabenki. Usiku pawabenki ijaze simu. Faida yake ni hii: wingu likipita, chaji hukatika na kurudi. Simu nyingine huwasha kioo kila chaji inaporudi, na hapo hula umeme badala ya kuuweka. Pawabenki haina kioo kikubwa cha kuwasha. Haba na haba hujaza kibaba. Tena mchana simu yako inabaki mfukoni, huiachi juani pamoja na paneli.

USIDANGANYIKE DUKANI

Kuna pawabenki zinazouzwa zikiwa na kipande kidogo cha sola juu yake, ukubwa wa kiganja. Muuzaji atakuambia, "Hii inajichaji yenyewe." Mimi mwenyewe nilinunua moja. Hesabu yake ni hii. Kipande hicho hutoa kama wati 1. Pawabenki yenye namba 10,000 ni debe kubwa. Bomba la wati 1 litachukua zaidi ya wiki nzima ya jua zuri kulijaza. Tena ili ipate jua, betri yenyewe lazima ikae juani, na joto litaiharibu. Nunua paneli mbali na betri mbali.

Kabla ya kulipa, toa paneli nje ya duka, juani. Iunganishe na simu yako mwenyewe. Tazama kama chaji inaingia. Daiwa bei baada ya hapo. Omba risiti na hati ya dhamana. Muuzaji akikataa kujaribu bidhaa mbele yako, nenda duka jingine.

Huenda pia umewaona wageni wanaopanda milima ya Udzungwa kutoka Mang'ula. Baadhi yao hufunga paneli kwenye mfuko wa mgongoni na kutembea nayo. Usiige ukadhani simu itajaa njiani. Mtu anayetembea hugeuka huku na huku, na paneli haikai ikilitazama jua. Msituni mwanga ni mdogo zaidi. Wazoefu wao hujaza pawabenki kabla ya safari, kisha hutandaza paneli wanapopumzika mahali peupe. Nasi tufanye hivyo. Jaza kila kitu kijijini kabla ya kuhama.

CHAJI NI AKIBA KAMA MBEGU

Sasa nimefika kwenye neno langu kubwa. Hata sola iwe nzuri namna gani, chaji itakwisha kama haitunzwi. Yule baba alinieleza baadaye kwamba jioni ile vijana walikuwa wamesikiliza muziki kwenye simu mpaka ikazima. Hakuna aliyewakataza. Hakukuwa na kanuni.

Wekeni kanuni dunguni kwenu. Mimi napendekeza hizi.

Jua linapozama, simu moja iwe na chaji zaidi ya nusu. Simu hiyo isiguswe kwa muziki, picha wala michezo. Ni simu ya ugonjwa na hatari. Kama mnataka muziki, tumieni redio au simu nyingine.

Mahali pasipo na mtandao, simu hutafuta mtandao bila kupumzika na kumaliza chaji. Kwa hiyo izime. Tafuteni mapema kilima au kichuguu kinachopata mtandao, na watu wote wa dungu wapajue.

Andika namba za simu kwenye karatasi. Andika ya zahanati, ya mwenyekiti wa kitongoji na ya dereva wa bodaboda mnayemwamini. Bandika karatasi hiyo kwenye nguzo ya dungu. Simu yako ikiharibika, utaweza kutumia ya jirani. Hii ni faida mojawapo ya kujua kusoma na kuandika.

Kama madungu yapo karibu, mnaweza kushirikiana. Paneli mbili au tatu zikiwekwa mahali peupe, mtu mmoja akae nazo kwa zamu. Hazitaibiwa, na hamtahitaji kuzificha chini ya paa.

TAHADHARI YA MOTO

Neno moja la mwisho juu ya usalama. Dungu ni nyasi na miti. Taa ndogo ya sola ni salama kuliko koroboi, kwa sababu haina moto. Lakini betri nayo huweza kuwaka ikiharibika. Betri iliyovimba isitumike tena. Usiitoboe. Usiitupe motoni. Usichaji simu juu ya godoro au ndani ya nyasi wakati umelala. Iweke juu ya ubao au bati, mahali unapoweza kuiona.

Na kumbuka, simu haitibu malaria. Laleni ndani ya chandarua, hata dunguni. Mtoto akipata homa, msingoje kuche.

Msimu uliofuata nilipita tena kwenye dungu la yule baba. Paneli ilikuwa juu ya kichanja, peupe, na kijiti kimelazwa pembeni yake. Mtoto wake ndiye aliyenionyesha jinsi ya kukifanya kivuli kipotee. Nilimwuliza simu ya usiku iko wapi. Akanyosha kidole kwenye nguzo. Ilikuwa imening'inizwa katika mfuko, chini ya karatasi ya namba.

Ndugu msomaji, akiba haiozi. Nawatakia ulinzi mwema na mavuno mema. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kukausha mpunga.

Bwana Shamba wenu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini sola ya yule baba haikujaza simu?
2. Kijiti kinatusaidiaje kuelekeza paneli?
3. Kwa nini simu isikae juani wakati wa kuchaji?
4. Dunguni kwenu, simu ya ugonjwa na hatari itakuwa ya nani? Nani ataitunza?
5. Andika namba tatu utakazobandika kwenye nguzo ya dungu lako.