Nani Aiandike Makurunge?

Msafiri atokaye mji wa Bagamoyo kuelekea Saadani hupita Makurunge. Wazee wa Unguja wanaijua sehemu hiyo kwa jina jingine: RAZABA, ranchi ya ng'ombe ya Serikali ya Zanzibar iliyokuwa huko bara. Baadaye ardhi hiyo ilikusudiwa kuwa shamba la miwa la kampuni ya Kiswidi, EcoEnergy. Mradi ukavuma katika miaka ya 2010, kisha ukafa bila ya kutoa sukari. Juu ya ardhi hiyo na watu wake pameandikwa ripoti, makala za majarida ya kitaaluma, na hata kitabu kizima kilichochapishwa Marekani. Aghalabu maandishi hayo ni ya Kiingereza. Mkaazi wa Makurunge yumo ndani yake, lakini yumo kama mtu wa kuhojiwa. Mwenye kuhoji, kupima na kukata shauri ni mwingine.

Si mbali na hapo, mjini Bagamoyo, kipo chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuitwa TaSUBa tangu 2007. Humo vijana hufundishwa ngoma, muziki na maigizo, na kazi hiyo ni njema. Kisicho chema ni fikra iliyoizunguka: kwamba mtu wa pwani amejaaliwa kuimba na kucheza, ama kujenga hoja kwa maandishi ni kazi ya chuo kikuu, na lugha yake ni ya kigeni. Fikra hii wengine huitamka kwa dharau, na wengine, kwa bahati mbaya, huitamka kwa fahari. Ni uongo kwa pande zote mbili, na shahidi wa kuukanusha ni Bagamoyo yenyewe.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, hapo hapo Bagamoyo, akasoma chuoni kwa maana ya zamani ya neno hilo, yaani chuo cha Kurani. Tangu mwaka 1900 alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili. Humo alitunga sehemu kubwa ya kitabu kilichotoka mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, chenye habari za uzazi, malezi, ndoa, ngoma, utumwa na sheria. Hiyo ni insha ya kitaaluma kwa Kiswahili fasaha, yenye mpango na uangalifu, zaidi ya miaka 50 kabla ya nchi kupata uhuru. Lakini jina lililotangulia kitabuni lilikuwa la Carl Velten, kama mkusanyaji. Baadhi ya wanafunzi hawakuweza kumstahi mwalimu mweusi, naye akaiacha kazi. Mwaka 1905 alipotaka kurejea kwao pamoja na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni ikamzuia. Aliyeiandika Bagamoyo hakuruhusiwa kukaa Bagamoyo.

Basi tusiulize kama Kiswahili kinaweza kubeba hoja. Swali hilo lilijibiwa mwaka 1903. La kuulizwa ni kwa nini mtoto wa Makurunge leo hafundishwi kuibeba.

Anachofundishwa kinajulikana. Tamthiliya ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari. Inamhusu karani wa sensa anayetekwa na mapenzi hadi makaratasi ya kazi yake yanaishia motoni. Hapo pana kesi kubwa: mkosa ni nani? Karani, mzazi aliyetonewa heshima yake, au serikali iliyomtuma kijana kuhesabu watu asiowajua? Lakini darasani kesi hiyo haisikilizwi. Tamthiliya hukatwakatwa kama samaki sokoni: fani huku, maudhui kule, dhamira, wahusika, mandhari. Kisha mtihani hudai hoja tatu kutoka kila kitabu, na hoja hizo mwanafunzi amekwisha kuzikariri kutoka daftari la mwenziwe. Hakuombwa kusikiliza upande wa pili. Hicho anachoandika kinaitwa insha. Kwa kweli ni orodha iliyovishwa utangulizi na hitimisho.

Na ilhali tamthiliya ndiyo shule bora ya insha! Mwaka 1963 Julius Nyerere, aliyekuwa na nchi ya kuongoza, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Mwanafunzi na apewe mazishi ya Kaisari tu. Brutus anasema kwanza, kwa nathari: Kaisari alikuwa na tamaa ya utawala. Anatoa dai, lakini ushahidi wake ni heshima yake mwenyewe. Antony anafuata, kwa ushairi, naye analeta vitu: fedha zilizoingia hazina, taji lililokataliwa mara tatu, wosia, majeraha ya maiti. Hapo mwanafunzi atajifunza kwamba dai lisilo ushahidi huanguka hata likisemwa na mtu mwema. Akiendelea kidogo atajifunza la pili: kwamba ushahidi ukitumiwa kuchochea hasira, umati hautafuti tena haki, na Cinna mshairi anauawa kwa kosa la kuitwa Cinna. Mwongozo gani wa kuandika insha umefundisha hayo kwa uwazi zaidi?

Mwandishi wa tamthiliya halazimiki kumpenda mpinzani wake, bali analazimika kumpa maneno ya kutosha. Akimnyima, mchezo unakufa jukwaani. Mwandishi wa insha naye yumo katika sharti lile lile, ila yeye akidanganya haonekani upesi. Kwa hivyo aanze na tamthiliya.

Ebrahim Hussein aliipita njia hii. Baada ya Kinjeketile, iliyotoka 1969, alikwenda Berlin ya Mashariki akaandika tasnifu juu ya maendeleo ya tamthiliya Afrika Mashariki. Mkono ni ule ule, lakini lugha ilibadilika: mchezo kwa Kiswahili, tasnifu kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba siku hizi tasnifu za Kiswahili zinaandikwa, ila aghalabu ni juu ya lugha na fasihi ya Kiswahili. Lugha imeruhusiwa kujizungumzia. Juu ya ardhi, maji na maradhi bado inaambiwa ingoje.

Washairi nao wasijitoe katika lawama. Wapo wanaoiona nathari kuwa makimbilio ya walioshindwa na vina. Wamesahau kwamba malumbano, hazina ya pwani hii, ni hoja tupu: mmoja hutunga, mwenziwe humjibu kwa bahari ile ile, na hawezi kumjibu kabla ya kumwelewa. Shaaban Robert, aliyejifunza mengi kwa juhudi yake mwenyewe, hakuona aibu kutoa Kielezo cha Insha mwaka 1954. Ushairi wake haukupungua kitu.

Jambo hili halingoji tena. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania Bara ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mlango ambao wengi waliulilia umefunguliwa. Lakini mlango wa mahakama hauingiwi kwa hoja tatu za kukariri. Siku mkaazi wa Makurunge atakapotaka kueleza mpaka wa shamba lake, atahitaji kupanga ushahidi, kutaja dai la mpinzani bila ya kulipotosha, na kulijibu. Asipofundishwa hayo kwa lugha yake, atamtafuta wa kumwandikia, na maneno yake yatatoka tena chini ya jina la mkusanyaji.

Shule na zianze na jambo dogo. Kila tamthiliya inayosomwa iigizwe kwanza, kisha kila mwanafunzi aandike hotuba mbili: ya mhusika anayemuunga mkono na ya yule anayemchukia. Ya pili ikiwa dhaifu, na airudie. Halafu atie jina lake.