Dogo, Namba Tasa na Jumamosi Zetu

Naombeni nitoe dukuduku langu, na nitaanza na namba: 147,573,952,589,676,412,927. Usikimbie! Ni 2 kwa kipeo cha 67, halafu toa 1.

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliiweka kwenye orodha yake ya namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Zaidi ya miaka 200 ikabaki hapo. Mwaka 1876 Édouard Lucas akaonyesha kwamba si tasa, lakini vigawo vyake hakuvijua. Yaani tumeshaambiwa mama ana watoto, ila watoto wenyewe hakuna aliyewaona. Ndipo Oktoba 1903, kwenye mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani mjini New York, Frank Nelson Cole akaenda ubaoni. Inasimuliwa hakutamka neno hata moja. Akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, likatoka jibu lile lile, akarudi kukaa. Watu wakapiga makofi. Wanasema kazi ile ilimla Jumapili za miaka mitatu.

Sasa hayo yanatuhusu nini sisi wa Columbus, na wenzetu wa Louisville na Buffalo? Yanatuhusu sana.

Jumamosi huwa namsaidia hesabu dogo mmoja Mkongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Shuleni kwake hapa (sitaitaja) walimweka na wanaoanza, kisa aliulizwa namba tasa kwa Kiingereza akanyamaza. Kambini alisoma mtaala wa Kongo: kitabu Kifaransa, maelezo ya mwalimu Kiswahili. Nikamwandikia vipeo 2, 3, 5 na 7. Majibu, baada ya kutoa 1, yakaja 3, 7, 31 na 127, yote tasa. Nikamwuliza, na 11 je? Akapata 2,047. Akakaa nayo karibu nusu saa, anajaribu 3, 7, 13, 17, 19, anafuta, anajaribu tena. Mara akaruka: "Yaya, iyi inagabanyika!" Ni 23 mara 89. Mimi hilo nilikutana nalo chuoni, tena kwa kuonyeshwa na mwalimu.

Huyo ndiye anayeanza?

Kuna wenzetu wanaosema hisabati haifundishiki kwa Kiswahili. Jamani! Sisi tuliopita shule za msingi za serikali Tanzania tulijifunza KDS na KKS kwa lugha gani? Sikatai kwamba mtihani wa hapa ni wa Kiingereza na lazima mtoto akijue. Lakini Kiingereza atakipata tu, mtaani na kwenye tivii. Miaka miwili akirudia kujumlisha vitu alivyovijua tangu kambini, nani atamrudishia?

Jumuiya yetu tunajua sana kuandaa usiku wa utamaduni, pilau na muziki mpaka saa nane. Vizuri, hata mimi nacheza. Ila mji huu wa Columbus una historia yake ya namba. Mwaka 1964 Arnold Ross alihamishia Ohio State masomo yake ya kiangazi, vijana wa sekondari wakawa wanakuja kuchimba nadharia ya namba, na yakaendelea hapo miaka mingi. Sisi hatuombi makubwa hivyo. Chumba, ubao, saa mbili za Jumamosi, na mtu anayejua kusema "kigawo". Louisville na Buffalo nako Wakongo na Warundi wapo wengi, na wanafunzi wa vyuo mpo. Mnangoja nini?

Dogo sasa kaning'ang'ania na kipeo cha 23. Jibu ni 8,388,607, na anataka nimwambie kama ni tasa. Mimi nimefunga mdomo kama Cole. Jumamosi ataniambia mwenyewe.